Supakaa Haipimwi kwa Spidi

Nissan GT-R ikipita Waiyaki Way jioni, simu hutoka mifukoni, na kabla giza halijatanda video imeshazunguka na maneno kwamba supakaa imeonekana Nairobi. Subaru WRX iliyobadilishwa ekzosi hupewa cheo hicho hicho na vijana wa Umoja na Donholm. Lamborghini Urus ikiegeshwa Westlands, swali haliulizwi kabisa, kwa kuwa nembo ya fahali imeshalijibu. Kwa hesabu ya mtaa, gari likiwa na kelele, spidi na bei isiyotamkika, basi limeingia daraja hilo.

Hesabu hiyo naikataa, wala sikatai kwa nia ya kuyashusha magari ya watu. Naikataa kwa sababu inatunyima mambo mawili kwa mpigo. Inatuziba macho tusione kilicho cha ajabu kweli ndani ya supakaa, na inatufanya tulidharau gari la spoti, gari ambalo katika nchi hii lina historia ya heshima kuliko supakaa yoyote.

Tuanze na spidi, maana ndiyo hoja ya kwanza ya kila mbishi. Ferrari F40 ya mwaka 1987 ilihitaji zaidi ya sekunde nne kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Leo Tesla Model S Plaid, gari la milango minne ambalo mzazi anaweza kupelekea watoto shule, hufika hapo kwa sekunde mbili na nukta. Kama spidi ndiyo mwamuzi, Tesla hiyo ni supakaa na F40 imeshushwa cheo. Hakuna apendaye magari atakayeikubali hukumu hiyo. Muulize kwa nini, naye atataja sauti, umbo, au jina la Kiitaliano. Hizo ni dalili tu, na chanzo chake kiko ndani zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote naupata ndani ya kampuni moja, kwa sababu unaondoa ubishi wa nembo. Mwaka 2020 Porsche walitoa 911 Turbo S yenye nguvu za farasi 650, inayofika kilomita 100 kwa sekunde 2.7. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa Carrera GT yenye nguvu za farasi 612, iliyohitaji sekunde 3.9. Hiyo ya zamani ina nguvu pungufu, huchelewa kuondoka, haina mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisiteleze, na klachi yake humzimishia injini dereva asiyeizoea. Hata hivyo Carrera GT ndiyo supakaa. Turbo S ni gari la spoti, ingawa ni la spoti lililofika kileleni.

Sababu huonekana ukiangalia kila moja lilikotoka. Turbo S ni ya ukoo wa 911 ulioonekana mara ya kwanza mwaka 1963. Injini yake imekaa nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli, mahali ambapo wahandisi wachache sana wangeiweka leo kama wangeanza na karatasi tupu. Iko pale kwa sababu ya historia ya ukoo huo, na pia kwa sababu mpangilio huo unaacha viti viwili vidogo vya watoto nyuma ya dereva. Bodi yenyewe inafanana na ya 911 ya bei ya chini kabisa dukani. Wahandisi wa Porsche wamepambana na uzito huo wa nyuma kwa zaidi ya miaka hamsini hadi ukawatii, na kazi hiyo naiheshimu mno. Lakini ni kazi ya kuboresha kitu kilichokuwapo, kwa ajili ya mtu anayetaka kulitumia gari lake Jumatatu hadi Jumapili.

Carrera GT ilianza na injini. Porsche walikuwa na V10, yaani injini ya silinda 10, iliyotokana na mradi wa gari la mbio za Le Mans, mradi ambao uliwekwa kando kabla gari halijashindana. Ikabaki injini isiyo na gari. Wakaijengea moja: kiunzi cha nyuzi za kaboni, viti viwili tu, injini nyuma ya mabega ya dereva. Walitaka injini hiyo ikae chini sana karibu na lami ili uzito wote ushuke. Sasa klachi ya kawaida ina kipenyo kikubwa, na kipenyo hicho huinua injini. Basi wakatengeneza klachi ya kauri yenye kipenyo cha sentimita 17 hivi, ndogo kiasi kwamba haimvumilii dereva mwenye mguu mzito. Ugumu ule ni matokeo ya uamuzi wa kwanza, injini ikae chini, na kila uamuzi mwingine ukaufuata huo bila kuuliza mteja ataonaje. Zilitengenezwa 1,270 pekee.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Gari la spoti huanza na mtu: ana pesa kiasi gani, ataliegesha wapi, watoto watakaa wapi, gari jingine la kampuni lina spea zipi zinazoweza kutumika hapa. Ndani ya ua huo wahandisi wazuri hutafuta raha ya kuendesha. Supakaa huanza na mashine yenyewe, na mtu huja baadaye, atafutiwe pa kukaa katika nafasi iliyobaki.

Lamborghini Miura ndiyo iliyofungua mlango huo kwa magari ya barabarani. Ferruccio Lamborghini alitaka magari ya starehe ya safari ndefu. Wahandisi wake vijana, Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na dereva wa majaribio Bob Wallace, walikuwa na hamu nyingine, nao wakaifanyia kazi baada ya saa za kazi. Mwaka 1965 walipeleka kwenye maonyesho ya Turin chesisi tupu: chuma, magurudumu na injini ya silinda 12 iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti. Haikuwa na bodi wala milango, na bado watu waliitaka. Bodi iliyochorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya ubunifu ya Bertone ilionyeshwa Geneva mwaka 1966. Kumbuka mfuatano huo: wanunuzi walikuja kabla gari halijapata sura. Na gari lilikuwa na kasoro za kweli. Pua yake ilikuwa ikinyanyuka kwenye kasi kubwa, na katika matoleo ya awali injini na giaboksi zilitumia oili moja kwa sababu zilibanwa pamoja ili zienee. Mhasibu asingeruhusu hata nusu ya hayo.

Mhandisi Gordon Murray alikwenda mbali zaidi na McLaren F1 miaka ya 1990. Dereva alikaa katikati, abiria wawili nyuma kidogo kushoto na kulia, ili miguu yake inyooke mbele ya pedali bila kupindwa na gurudumu. Chumba cha injini kilifunikwa karatasi ya dhahabu kwa kuwa dhahabu hurudisha joto vizuri kuliko chochote kilichokuwa karibu, na nyuzi za kaboni zilizozunguka injini hazipaswi kupata joto kupita kiasi. Alikataa turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, na alikataa usukani wa kusaidiwa na pampu. Ziliundwa 106 kwa jumla, na mwaka 1998 moja yao ilifika kilomita 386 kwa saa. Watu huikumbuka spidi hiyo. Mimi naikumbuka dhahabu, kwa sababu inaonyesha fikra ya mtu aliyeuliza kwanza kitu gani kinafaa, ndipo akauliza bei yake.

Kuna alama nyingine ambazo watu huzitegemea na ambazo hazitoshi. Injini kuwa katikati ni moja. Toyota MR2 ilikuwa nayo tangu 1984, na Chevrolet Corvette ya mwaka 2020 ilihamishia injini yake nyuma ya viti huku bei yake ya kuanzia Marekani ikiwa chini kidogo ya dola 60,000. Mpangilio huo una faida yake, kwani uzito ukikusanywa katikati gari hugeuka upesi, lakini peke yake haugeuzi gari kuwa supakaa. Nyuzi za kaboni nazo hazitoshi. Ferrari nyingi za injini ya katikati zina kiunzi cha alumini.

Mbishi makini ataniuliza kuhusu kuchangia vifaa. Lamborghini Huracán na Audi R8 zilitumia injini ya V10 ya lita 5.2 na sehemu kubwa ya kiunzi kimoja. Basi moja itakuwaje supakaa na nyingine isiwe? Jibu langu ni kwamba zote mbili ni supakaa, japo zimesimama karibu na mpaka. Kiunzi walichochangia hakikutolewa kwenye gari la familia. Kilibuniwa kwa ajili ya gari la viti viwili lenye injini katikati. Hata injini ya McLaren F1 ilitoka BMW, lakini BMW waliiunda kwa ajili ya gari lile. Urus ni kisa tofauti. Msingi wake ni wa familia moja na Audi Q7, Porsche Cayenne na Bentley Bentayga. Ni gari jema, lina nguvu, na kwa barabara zetu lina faida kuliko Lamborghini nyingine yoyote. Supakaa silo, na bei haiwezi kulipandisha.

Hukumu ngumu zaidi ni hii: Honda NSX ya mwaka 1990, yenye nguvu za farasi 280 hivi, naiita supakaa, na GT-R yenye nguvu za farasi 480 tangu ilipotoka mwaka 2007 siiti hivyo. Najua Nissan wenyewe waliinadi kama supakaa ya mtu yeyote, mahali popote, wakati wowote. Lakini lengo hilo ndilo lengo tukufu kabisa la gari la spoti. Injini iko mbele, viti vya nyuma vipo, buti linabeba mizigo ya safari ya Nakuru, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2025 zilikuwa zimetoka takriban 48,000. Injini yake iliunganishwa kwa mkono na fundi mmoja mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo supakaa nyingi zingejivunia. Kuiita gari la spoti hakuipunguzii chochote. NSX, kwa upande wake, ilianza na swali la mashine: je, bodi nzima ya gari la barabarani yaweza kuwa ya alumini? Wakaijenga hivyo, dereva wa Formula 1 Ayrton Senna akaijaribu na kuwataka waongeze ugumu wa kiunzi, na Murray mwenyewe ameeleza kwamba aliitumia kama kipimo alipokuwa akibuni McLaren F1. Huwaka kila asubuhi, kiyoyozi kinafanya kazi, dereva anaona pande zote. Kwa hiyo hata mateso si sharti.

Sasa tuilete mashine hiyo Nairobi, mahali ambapo tofauti hii inageuka kuwa ya vitendo.

Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho kwa kuwa haipati hewa ya kutosha ya kuchomea petroli. Huracán yenye nguvu za farasi 610 kwenye karatasi itakuwa na kama 520 ikipanda Ngong Road. Subaru yenye turbo hujisukumia hewa yenyewe na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Hakuna mwenye Huracán anayeambiwa hivyo na muuzaji, lakini injini inajua.

Kisha kuna upepo. McLaren Senna imebuniwa ili upepo uikandamize chini kwa uzito wa kilo 800 ikiwa kwenye kilomita 250 kwa saa. Ndiyo maana ina bawa kubwa na matundu kila mahali. Umbo lile lote ni kazi ya kuikamata hewa. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa spidi. Kwenye Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, spidi inayoruhusiwa ni 80. Piga hesabu: bawa likiwa pale pale, kilo 800 zinabaki 80 na ushei, na kwa hewa yetu nyepesi zinapungua tena hadi 70 hivi. Huo ni uzito wa abiria mmoja. Sehemu kubwa ya fedha alizolipa mwenye gari, na sehemu kubwa ya akili iliyotumika kulibuni, inalala usingizi kutoka lango la kwanza hadi la mwisho. Ukishuka kutoka huko juu unakutana na matuta. Supakaa nyingi huja na kifaa cha kuinua pua kwa sentimita 4 hivi, na kuna matuta mtaani ambayo hayajali sentimita hizo.

Serikali nayo haioni tofauti tunayoizungumzia. KRA huangalia ukubwa wa injini. Petroli ikizidi lita 3, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha VAT ya asilimia 16. Vikipandana, thamani ya gari huzidi mara mbili kabla ya ada nyingine. Land Cruiser V8 ya mheshimiwa na Lamborghini ya mfanyabiashara zinaangukia kundi moja. Zaidi ya hapo, magari ya usukani wa kushoto hayasajiliwi kwa kawaida, na mengi kati ya yale makuu, kama Carrera GT, F40 na Bugatti Veyron, yalitoka kiwandani na usukani upande huo tu. Kwa hiyo nyingi ya zile zinazoitwa supakaa mitaani kwetu zisingeweza kuwa zile zilizoutengeneza mpaka huu.

Gari la spoti lina hadithi nyingine kabisa hapa, nami naihesabu kuwa sehemu ya historia ya nchi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally akiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda na gari aina hiyo hiyo, ushindi wa kwanza kati ya mitano yake. 240Z ilikuwa gari la spoti kwa maana niliyoieleza: pua ndefu, viti viwili, injini ya silinda 6 ya lita 2.4 iliyotoka ukoo mmoja na injini za Datsun za kawaida zilizokuwa zikiwapeleka makarani kazini. Kuchangia huko, ambako kwenye supakaa huonekana kama upungufu, kulikuwa ndiyo nguvu yake. Injini ya namna ile fundi wa nchi hii aliijua, na chuma chake kilizoea kupigwa na mawe.

Miaka miwili baadaye Lancia walileta Stratos. Hiyo kwa kipimo changu ni supakaa halisi: ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mbio za rally tu, fupi, injini ya V6 ya Ferrari Dino nyuma ya dereva, bodi ikichorwa na Gandini yule yule wa Miura. Ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1974 hadi 1976. Safari ya 1975 ikaishia na Sandro Munari wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote ndani ya Stratos, nyuma ya Ove Andersson aliyekuwa na Peugeot 504. Ndiyo, 504, ndugu ya ile iliyobeba abiria kutoka Nairobi kwenda Kisumu miaka nenda miaka rudi. Stratos haikuwahi kushinda Safari. Sioni aibu ndani yake. Mashine iliyoanza na wazo moja hulitimiza wazo hilo kuliko nyingine zote, na Safari ya siku zile, na maelfu ya kilomita za vumbi na matope, haikuwa wazo moja.

Ndiyo maana huniuma kijana mwenye WRX, au mwenye Mazda MX-5 ya tani moja hivi, anapoona ni lazima aliite gari lake supakaa ili liheshimiwe. MX-5 imeuzwa zaidi ya milioni moja duniani kwa sababu inampa dereva wa kawaida, kwenye kona za kawaida kama zile za kushuka Mai Mahiu, hisia ambayo McLaren itaitoa tu kwenye spidi ya kumpeleka mtu mahakamani.

Wenye supakaa nao ningewaomba kitu. Kila mwaka magari hupangwa kwenye nyasi za uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road kwa ajili ya Concours d'Elegance, shindano lililoanza mwaka 1970, na waamuzi hukagua hadi chini ya gari. Leteni zenu hapo, mfungue vifuniko vya nyuma, na mwanafunzi wa uhandisi kutoka JKUAT au Kabete aruhusiwe kuinama na kuuliza: kwa nini radieta ziko ubavuni, kwa nini sakafu ya chini imefunikwa yote, kwa nini bolti hii ni ya titani na ile ya chuma. Majibu hayo hayamo kwenye video ya Waiyaki Way. Na kama kuna mwenye 240Z ambayo bado inawaka, aiegeshe kando yake na boneti ikiwa wazi.